Niazime Kinywa Chako

Namikwe, bara ya Lindi
3 Februari 1909

Kwa dada yangu Somoe, aliye Juani, visiwa vya Mafia.

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni. Siku hizi naitwa Barnaba. Mimi ni mzima, mke wangu Agnesi ni mzima, na binti zetu wawili ni wazima, ila mdogo anaota meno na nyumba nzima hatupati usingizi. Mihogo imeshika vizuri mwaka huu. Mbegu za mahindi tumeshazitia ardhini, tunaomba Mungu nguruwe wasizione.

Dada, kama barua hii imefika kwa Somoe mwingine, namwomba huyo aliyeisoma anisamehe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimwuliza kila mtu wa pwani swali moja: je, umepata kumwona mwanamke mwenye kovu la uji wa moto, mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo? Wengi walinicheka. Bwana Abeid, anayeleta mikeka na kamba Lindi, hakucheka. Alisema, "Huyo namjua, kamba zangu anasokota yeye." Nilikaa chini palepale sokoni, watu wakadhani nimeanguka kifafa.

Mama alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa homa. Mpaka mwisho alikutaja. Wazee wengine wa siku zile wote wamekwisha.

Mimi ni mwalimu hapa Misheni. Nafundisha watoto kusoma, na kila Jumamosi watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo nawafundisha mambo ya imani. Nilibatizwa nikiwa na miaka kumi na minne. Nimeunganishwa na Kristo, na wote waliounganishwa naye tumekuwa mwili mmoja, kwa hiyo sikubaki peke yangu kama ulivyoweza kudhani. Nakuandikia hili mapema ili usije ukalisikia kwa mwingine ukachukia.

Niambie u hali gani, na nani yuko nawe. Niambie pia kama unatukasirikia. Kama unatukasirikia sitashangaa.

Ni mimi mdogo wako,
Barnaba


Juani, tarehe 5 Mfungo Sita
(kwa hesabu ya Serikali, 27 Machi 1909)

Marahaba, mdogo wangu, marahaba mara mia. Neno hilo la shikamoo mimi nimelisema miaka kumi na saba, kila asubuhi, goti chini. Leo naamkiwa mimi, kwa barua, tena na mwalimu! Nilimwambia Mwalimu Shaibu alisome tena. Alilisoma mara tatu, ya nne akakataa.

Mwalimu Shaibu ndiye anayeniandikia. Anasomesha watoto Kurani hapa Juani na hati zote mbili anazijua, ya kwetu na ya Wazungu. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiruka neno nitajua, maana kalamu yake inakwaruza kama panya.

Ni mimi, Barnaba. Kovu ninalo. Mfaume, mume wangu, anasema hajambo na anakusalimu shemeji yake. Yeye ni mvuvi, kwao Kisiwa cha Bwejuu. Tumezika watoto wawili na mmoja yu hai, Kidawa, ameolewa Kiegeani mwaka jana. Bibi Zubeda aliyeninunua aliniacha huru kabla hajafa, Mungu amrehemu. Sasa nina kazi yangu ya kamba. Tunafukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani, yanakaa humo miezi mpaka yaoze, kisha tunayafukua na kuyaponda tupate usumba wa kusokota. Ukinikaribia siku ya kufukua utaziba pua, lakini kamba zangu hazikatiki.

Nimemlilia Mama. Sitaandika zaidi juu ya hilo, maana Mwalimu Shaibu naye machozi yanamtoka na wino utachafuka.

Umesema wazee wote wamekwisha. Basi na Mjomba naye. Siku mbili sikushika kamba, Mfaume akadhani naumwa. Siku ya tatu nikasema moyoni: huyu aliyeniuza siku za njaa kwa vikapu viwili vya mahindi sasa yuko mbele ya Mungu, mimi ni nani nimfuate huko? Nikapika wali wa nazi, nikaita watu, ikasomwa hitima moja ya Mama na Mjomba pamoja. Mwalimu Shaibu hakuuliza walikuwa dini gani, nami sikumwambia. Sasa anaandika haya huku amenikodolea macho.

Nimemsamehe, mdogo wangu. Moyo umekuwa mwepesi, hata chakula nakila kwa hamu.

Ila hilo neno lako la mwili mmoja sikulielewa. Ukiwa mwili mmoja na watu wa huko, mimi dada yako ni nani wako? Nieleze polepole, mimi si mwanafunzi wako.

Dada yako,
Somoe

Nami mwandishi naongeza: hitima ile niliisoma bila kujua. Mwenyezi Mungu anajua nia ya kila mtu. Wali ulikuwa mzuri.


Namikwe, 6 Juni 1909

Shikamoo dada. Barua yako ilifika baada ya Pasaka, Abeid alicheleweshwa Kilwa kwa ugonjwa wa nahodha wao. Sisi hatujambo. Jino la mtoto limetoka, sasa anauma kila kitu, pamoja na barua yako, ambayo nimeitundika juu. Agnesi anakuletea kunde kavu kwa mkono wa Abeid. Mwambie shemeji Mfaume namshukuru kwa kukutunza, na Kidawa mwambie ana mjomba.

Uliniuliza wewe ni nani wangu. Wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na ubatizo haukulifuta hilo. Usiwe na hofu.

Juu ya mwili mmoja nitajaribu kueleza kama ninavyowaeleza watu wangu wa Jumamosi. Sisi hatukuungana kama watu wa ngoma moja, wanaochanga mchele, kisha kila mtu anarudi kwake. Kristo mwenyewe ametuingiza ndani yake. Uhai alio nao yeye ndio unaotembea ndani yetu, kama damu inavyotembea mpaka kwenye ukucha. Yeye ndiye kichwa. Tukila mkate mmoja na kunywa kikombe kimoja kwenye Meza ya Bwana, tunafungwa naye, na kwa sababu hiyo tunafungwa sisi kwa sisi. Mmoja akiumia wote wameumia. Kidole hakiwezi kukitaka kichwa na kuukataa mkono. Ndiyo maana hata nikiwa peke yangu shambani siko peke yangu. Hii si methali tunayojipoza nayo, dada. Sisi tunaamini kwamba ndivyo ilivyo kweli.

Kuhusu hitima, Mungu akulipe kwa moyo wako.

Mdogo wako,
Barnaba


Juani, tarehe 3 Rajabu
(21 Julai 1909)

Barnaba.

Mimi ni mzima. Mfaume ni mzima. Kidawa ni mzima, na ana mimba. Kunde zimefika. Salamu zimekwisha.

Abeid alikuja juzi kupima kamba. Anapima, mimi nahesabu mikunjo, akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Yule mzee wenu kipofu wa Namikwe alinishika shati, akaniuliza kama Somoe amezaa." Nikamwuliza, mzee gani? Akasema, "Mjomba wenu, Lukasi. Kila Jumapili anaongozwa kanisani kwa fimbo." Kamba ilinitoka mkononi.

Mjomba yu hai! Mimi nimelisha watu hitima ya mtu anayekula ugali! Nimemlilia mtu anayekwenda kanisani kwa miguu yake! Wewe ni mwalimu, unawafundisha watoto wa wenzako wasiseme uongo, na dada yako umemdanganya katika barua ya kwanza kabisa, baada ya miaka ishirini na minne. Hukuweza kungoja hata ya pili?

Nitakuambia kitu. Kumsamehe maiti ni kazi ndogo. Maiti hali, haulizi kama umezaa. Nilipojua yu hai hasira yote ilirudi, tena na wenzake. Wepesi ule wa moyo niliokuandikia umekwisha.

Sasa tuje kwenye mwili wenu. Mwalimu Shaibu amenisomea barua yako ya Juni mara mbili. Lukasi amebatizwa, si ndiyo? Na wewe umebatizwa. Mmeingizwa ndani ya mtu mmoja na damu moja inatembea mpaka kwenye ukucha. Haya ni maneno yako mwenyewe. Basi mkono uliopokea vile vikapu viwili ni mkono wako. Mkono wako, Barnaba! Na Nabii Isa, mwana wa Mariamu, ambaye hata sisi tunamtaja kwa heshima, mmemfanya kichwa cha mwili wenye mkono huo?

Nijibu. Na usinipe maneno ya Jumamosi. Usiponijibu ukweli, usiniandikie tena, nitajua kwamba ndugu yangu alikufa kwenye njaa ile.

Barua hii naipeleka kwa meli ya Serikali, siwezi kumngoja Abeid.

Somoe

Mwandishi anasema: nimeandika kama alivyosema, isipokuwa matusi mawili ambayo kalamu yangu haikuweza.


Namikwe, 2 Oktoba 1909

Dada yangu, shikamoo, kama bado unaipokea.

Sisi hatujambo. Nimefurahi kusikia habari ya Kidawa. Barua yako ilifika katikati ya Agosti na mpaka leo nilikuwa sijajua kuijibu. Nimeanza karatasi nne na zote nimezichoma, na karatasi huku ni shida.

Nilikudanganya. Mjomba yu hai. Vita vya mwaka 1905 na njaa iliyofuata vilichukua watoto wake wote na macho yake pia. Alibatizwa huko alikokuwa, akaja hapa mwaka juzi kwa kuwa sisi ndio damu yake iliyobaki. Padre alimpokea. Jina lake katika daftari la kanisa nimeliandika mimi, kwa mkono huu.

Na tangu siku hiyo mimi sijaikaribia Meza ya Bwana. Ukifika wakati wa kupokea natoka kupiga kengele, au namtoa mtoto nje, au nasema tumbo linaniuma. Padre ameshanipa dawa ya tumbo. Jumamosi nawafundisha watu mambo ya kidole na mkono, Jumapili napiga magoti mbali na mzee kipofu ili bega lake lisiniguse. Nilikuandikia yale maneno mazuri nikiwa katika hali hiyo. Nilitaka kuwa na Kristo peke yangu, bila watu aliokuja nao.

Uliniuliza kama mkono ule ni wangu. Nimekaa na swali lako majuma sita. Jibu ni ndiyo. Na uliuliza juu ya Kristo. Hakuchagua viungo safi, dada. Alipotuunganisha naye alichukua na kilichokuwa mikononi mwetu, akakibeba, na kikamwua. Naye pia aliuzwa, na aliyemwuza alikuwa ametoka kula naye. Kwa hiyo ndani ya mwili huo yumo mwuzaji na yumo aliyeuzwa, na Kristo alikaa kwanza mahali pako wewe, kabla ya kukaa mahali pa mtu mwingine yeyote. Hili sikulitoa kwenye masomo ya Jumamosi. Nimelipata kwenye barua yako.

Lakini kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata Agnesi.

Mahindi yale niliyala mimi. Mama alisema tumbo langu lilikuwa limevimba na nywele zimekuwa nyekundu, zilikuwa zimenibakia siku chache tu za kuishi. Vikapu vilipofika sikungoja yapikwe. Niliyala mabichi. Nakumbuka utamu wake, na hilo ndilo linaloniua. Nimemchukia Mjomba miaka yote ili nisikumbuke kutafuna kwangu. Yeye alipokea kwa mkono, mimi nilipokea kwa kinywa. Niko hai kwa sababu uliuzwa.

Mjomba ni mgonjwa. Kila juma anauliza, "Somoe anasema nini?" Namjibu kwamba hujasema. Anataka radhi yako kabla hajafa. Sikuombi umpe. Uliomba ukweli, na huu ndio ukweli wote nilio nao.

Barnaba


Juani, tarehe 20 Mfungo Mosi
(4 Novemba 1909)

Kwa mdogo wangu Barnaba. Marahaba. Naipokea, mjinga wewe.

Idi imepita salama. Kidawa amekuja kukaa kwetu mpaka ajifungue, anakula ndimu na udongo wa kichuguu na baba yake anamwacha. Mfaume alijikata mguu kwa gamba la chaza lakini umepona. Wote wanakusalimu, na Agnesi na watoto.

Barnaba, juu ya mahindi: najua. Nilikuona.

Wale watu walioleta mahindi walinishika mkono tukaondoka. Tulipofika pale njia inapopanda, niligeuka. Ulikuwa umekaa mlangoni, mashavu yamejaa pande zote mbili, unatafuna kwa haraka mpaka ukapaliwa, Mama akakupiga mgongoni. Kisha ukatia mengine. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichoona nyumbani. Njia nzima mpaka Kilwa nilikuwa nasema peke yangu, kala, kala, yule mtoto kala. Walionifunga walidhani nimechanganyikiwa. Na hapa kisiwani, miaka ile ya kwanza, mara mbili nilitaka kujitupa kwenye maji ya mkondo, na mara zote mbili nilijiambia, yule mtoto kala. Nikarudi kuponda makumbi.

Leo unaniambia unaona aibu kwamba ulikula? Ungekufa, mimi ningekuwa nimeuzwa bure!

Usiniambie tena kwamba mahindi yale yanakuua. Mimi nimeishi kwa hayohayo, na sikuonja hata punje.

Mjomba ni jambo jingine. Nimefunga Ramadhani nzima na hasira yake kifuani, na Mwalimu Shaibu anasema hajui funga kama hiyo inafika wapi. Nimechoka kuibeba. Nakumbuka kwetu ilivyokuwa watu wakikosana. Mwenye hasira alikuwa akijaza maji kinywani, akampulizia mkosaji kifuani, mbele ya watu, hasira ikatoka na maji. Mama alimfanyia mke wa Mjomba mbele ya macho yangu, na baadaye wakacheka. Haliwezekani kwa barua jambo hilo. Ni la kinywa na kifua.

Basi nimechota maji ya kisima chetu, nimeyatia kinywani mwangu, nimeyarudisha kwenye chupa, na Mfaume ameiziba kwa nta. Abeid anayo. Kinywa changu kiko Juani na kifua cha Mjomba kiko Namikwe, na mimi sina mguu wa kuruka bahari. Wewe unasema mwenzako akiwa na mkono ni mkono wako, akiwa na jicho ni jicho lako. Mimi si wa kanisa lako, lakini ni dada yako. Niazime kinywa chako.

Ila unajua sharti. Anayepuliza asiwe na kinyongo hata kidogo, la sivyo maji hayo yanageuka laana na mzee atakufa nayo kifuani. Kama wewe bado unacho, usidanganye tena. Yamwage chini, unijulishe, nami nitajua tulipofika.

Dada yako,
Somoe

Mwandishi: jambo hili la maji halimo katika vitabu nilivyosoma. Lakini nimeandika, na chupa niliishika mimi wakati Mfaume akitia nta.


Namikwe, 27 Desemba 1909

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Sisi sote hatujambo. Agnesi amekushonea kitu cha mjukuu, utakiona. Padre ana malaria lakini anainuka. Mvua zimeanza na paa la shule linavuja juu ya meza yangu tu, watoto wanafurahi sana.

Chupa ilifika, si nzima. Tangu vita vile, maji yaliyofungwa chupani yanaogopwa huku. Kwenye kivuko askari walimkuta nayo Abeid, wakataka kumfunga kwa kusambaza dawa ya uasi. Abeid akaizibua mbele yao, akanywa, akawaambia ni maji ya mwanamke wa Mafia aliyemkasirikia mjomba wake. Walicheka mpaka wakamwachia. Imebaki theluthi.

Niliiweka juu ya sanduku, nikaitazama siku tisa. Nilikuwa nangoja kinyongo kiishe ndipo niende. Hakikwisha. Siku ya kumi nilikwenda kwa Mjomba mchana, bila chupa, nikamwambia hayohayo: nina kinyongo nawe, nimekikalia, nimekukimbia kanisani miaka miwili na kusingizia tumbo.

Alikuwa amelala, akainuka akakaa. Akasema, "Najua. Nasikia miguu yako ikitoka." Kisha akasema haya, akaniapisha niyaandike kama alivyoyasema: "Mwambie Somoe, sikumpeleka kwa jamaa. Nimewaambia watu miaka yote kwamba nilimpeleka kwa jamaa pwani. Nilimwuza. Nilimchagua yeye kwa kuwa alikuwa anaweza kutembea mpaka baharini, na huyu mdogo hakuweza. Nilimpima kwa miguu, kama mbuzi. Sina neno la kujitetea."

Nikamwambia, "Na mimi niliyala." Akasema, "Ndiyo. Nilikuona ukila nikafurahi. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika." Tulikaa wawili kitandani kwake, dada, tukalia kama watoto. Agnesi alikuja kuona nani amekufa.

Sijui kinyongo kilitoka saa ngapi. Najua tu kwamba nilipokitafuta sikukiona, na nikakimbia kuleta chupa kabla hakijarudi. Niliwaita majirani wawili wawe mashahidi, kama inavyotakiwa. Nikatia maji yako kinywani. Nikampulizia kifuani.

Alishtuka kwa baridi. Matone yalimrukia usoni, akayalamba, akauliza, "Mbona yana chumvi?" Nikamwambia ndivyo yalivyo maji ya kisima cha Juani. "Ndiyo anayokunywa kila siku?" Nikasema ndiyo. Akaomba yaliyobaki chupani, akayanywa yote.

Asubuhi ya Krismasi nilimwongoza mimi. Tulipiga magoti pamoja, bega kwa bega. Bega lake ni mfupa mtupu na linanuka tumbaku. Sikuona mwanga wowote wala sikusikia sauti. Nilijua tu, kama mtu anavyojua yuko nyumbani, kwamba Kristo niliyekuwa nikimtaka peke yangu hayupo popote, na aliyepo ndiye huyu, ambaye bega hili ni lake. Padre alipofika kwetu akampa Mjomba kwanza, naye kwa ugonjwa masikio yamekuwa mazito siku hizi, hakusikia Padre aliposema, "Mwili wa Kristo." Kwa hiyo nikasema Amina kwa ajili yake. Kisha Padre akaja kwangu, nikasema nyingine.

Amekula uji kidogo siku hizi mbili. Ni dhaifu, lakini hasumbui mtu kwa maswali ya kila juma.

Asante kwa kunituma. Niliomba miaka mingi kufanywa kiungo cha kazi fulani, na kazi niliyopewa ilikuwa hii.

Mdogo wako anayekupenda,
Barnaba


Juani, tarehe 9 Mfungo Nne
(21 Januari 1910)

Kwa mdogo wangu Barnaba.

Marahaba. Kidawa amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya mpiga mbiu. Nguo ya Agnesi imemkaa. Mfaume hajambo ila anajifanya babu tayari.

Barua yako nimesomewa jana na leo tena. Yale ya kwamba alinipima kwa miguu yaliniuma, nililia mbele ya watu. Kisha nikamwambia Mwalimu Shaibu aandike hivi: mwambie Mjomba alipima sawasawa, miguu ni mizuri, bado natembea.

Na ninakuja. Barua hii inatangulia kwa meli ya Serikali. Abeid anashuka Lindi baada ya Ijumaa ijayo, mimi na Mfaume tumo chomboni mwake, na kutoka Lindi tutakwenda kwa miguu na wapagazi wake. Nimefukia makumbi ya miezi sita, yataniangalia njia. Mwambie Mjomba asife, namkataza. Mweleze hivyo hasa, kwamba Somoe amekataza.

Mwalimu Shaibu ameniuliza kwa wasiwasi kama nakwenda kubatizwa. Nimemwambia nakwenda kumwona mdogo wangu. Dini yangu ninayo, Barnaba, na kanisani kwenu sitaingia, usije ukanivuta mkono. Kama nitafika siku ya Jumapili nitawangoja nje mpaka mmalize sala zenu zote, hata ziwe ndefu namna gani. Lakini wewe na Mjomba mkitoka, tokeni pamoja.

Dada yako,
Somoe